Kompyuta Bila Kuazima Macho

Kati ya kubonyeza kitufe cha kuwasha kompyuta na kusikia neno la kwanza kwenye spika, kuna kipindi ambacho mtu asiyeona hana habari ya kinachoendelea mbele yake. Mashine inaweza kuwa inawaka vizuri. Inaweza pia kuwa imekwama, inauliza kama diski ichunguzwe, au inasubiri nywila. Mwenye macho hutupa jicho akajua. Asiyeona husubiri, na kisoma-skrini kisipoanza kuzungumza hulazimika kumwita mtu aje amsomee. Huko ndiko kuazima macho, na mifumo endeshi hutofautiana sana katika idadi ya mara inazomlazimisha mtu kuyaazima.

Swali la mfumo upi umfae asiyeona huulizwa na wazazi wenye mtoto anayeingia sekondari, na vyuo vinavyompokea mwanafunzi wa kwanza asiyeona, na maofisa manunuzi wenye bajeti ya mwaka mmoja. Mara nyingi hulinganisha bei na kasi, kama wanavyofanya kwa kompyuta nyingine yoyote. Kipimo kinachofaa zaidi ni kingine: je, mwenye kompyuta ataweza kuisimika, kuitumia kazini, kuirekebisha ikigoma na kuisikia ikisema lugha yake, bila kutegemea macho ya jirani? Hakuna mfumo unaojibu ndiyo kwa yote manne. Kila mmoja umeshinda mahali na kushindwa kwingine, na sababu zake zina historia.

Kisoma-skrini hakitazami picha iliyo kwenye kioo. Kinachofanya ni kuuliza mfumo endeshi: mshale uko wapi, kitu hiki ni kitufe au kisanduku cha kuandikia, kinaitwaje, kimewashwa au kimezimwa? Mfumo hujibu kwa kutumia orodha inayotengenezwa na kila programu kuhusu sehemu zake. Majibu hugeuzwa kuwa sauti, au nukta nundu kwenye kifaa chenye vinukta vinavyoinuka na kushuka. Mtengenezaji wa programu akichora kitufe na asikipe jina, msikilizaji ataambiwa “kitufe” basi, asijue kama ni cha kutuma au cha kufuta. Ndiyo maana ubora wa kisoma-skrini peke yake hautoshi. Lazima mfumo uwe na njia ya kueleza kilichomo, na waandishi wa programu wawe wanaitumia.

Enzi za mfumo wa DOS kazi ilikuwa nyepesi zaidi, kwa kuwa skrini ilijaa herufi tupu na programu iliweza kuzichota moja kwa moja kwenye kumbukumbu ya mashine. Wasioona wengi waliingia katika kazi za ofisi na za uandishi wa programu kwa njia hiyo. Kisha vikaja madirisha, aikoni na kipanya, na herufi zikageuka kuwa picha. Kwa upande wa Macintosh, kampuni ya Berkeley Systems ilitoa outSPOKEN mwaka 1989, kisoma-skrini cha kwanza kuuzwa kwa mazingira ya picha. Kwa upande wa Windows, wabunifu walilazimika kudaka amri za kuchora kabla hazijafika kwenye kioo, wakajenga nakala yao ya siri ya kila kilichochorwa. Kazi hiyo ilikuwa ngumu na ilivunjika kila toleo jipya lilipotoka.

Hofu ilikuwa ya kweli: watu waliokuwa na ajira walikuwa karibu kuzipoteza kwa sababu mwajiri anabadilisha mfumo. Mwaka 1995 jimbo la Massachusetts nchini Marekani lilitishia kutonunua Windows 95 mpaka wasioona waweze kuitumia. Miaka miwili baadaye Microsoft ilitoa Active Accessibility, njia rasmi ya programu kujieleza kwa kisoma-skrini. Wahandisi walikuwa na uwezo wa kuijenga mapema zaidi, na shinikizo la mnunuzi mkubwa lilikuwa sehemu ya yaliyowasukuma. Jambo hilo lina uzito kwa serikali yoyote inayonunua kompyuta kwa maelfu.

Kwa kazi za mezani, Windows ndiyo bado inayoongoza, tena kwa mbali. Sababu kubwa ni kwamba ina visoma-skrini vitatu vilivyokomaa, na kila kimoja kimetoka katika njia tofauti.

Cha zamani zaidi kati yao ni JAWS. Mwanzilishi wake, Ted Henter, alikuwa mwanamashindano wa pikipiki kutoka Marekani, aliyepoteza uwezo wa kuona katika ajali ya gari nchini Uingereza mwaka 1978. Alijifunza kuandika programu, akaanzisha kampuni, na JAWS ya DOS ikatoka mwaka 1989, ya Windows ikafuata mwaka 1995. Nguvu yake iko ofisini. Ina lugha yake ya kuandikia maelekezo, hivyo mtaalamu anaweza kuifundisha mfumo wa benki au wa kituo cha simu ambao haukuandikwa kwa kumjali asiyeona. Katika Excel na Word imekuwa kipimo ambacho wengine hulinganishwa nacho. Tatizo ni bei. Kwa miaka mingi leseni ya mtu mmoja iligharimu karibu dola 1,000, wakati mwingine zaidi ya kompyuta yenyewe. Leseni ya kulipia mwaka kwa mwaka, isiyofika dola 100, ilianza kwa wateja wa nyumbani wa Marekani. Asiye na leseni anaweza kutumia JAWS kwa dakika 40, kisha lazima aizime kompyuta na kuiwasha upya. Wanafunzi wengi duniani wamejifunzia katika dakika hizo 40, wakihifadhi kazi zao kwa haraka kila muda unapokaribia kwisha.

Mwaka 2006 kijana wa Australia asiyeona, Michael Curran, alianza kuandika kisoma-skrini chake. Rafiki yake James Teh, ambaye naye haoni, alijiunga naye. Walikuwa wamefahamiana tangu utotoni kwenye kambi ya muziki ya watoto wasioona. Hawakukubali kwamba asiyeona alipe fedha nyingi juu ya bei ya kompyuta ili aweze tu kuitumia. Mwaka 2007 wakaunda NV Access, taasisi isiyo ya kibiashara, na programu yao, NVDA, ikatolewa bure pamoja na msimbo wake wazi. Leo imetafsiriwa katika lugha zaidi ya 50 na wafanyakazi wa kujitolea.

NVDA ina sifa moja ambayo imewafaa sana watu wa Afrika Mashariki: inaweza kubebwa kwenye flashi na kuendeshwa bila kusimikwa. Mtu akiingia mkahawa wa intaneti au maktaba ya chuo, huchomeka flashi, huianzisha, na mashine ya watu inaanza kumsemesha. Akimaliza huchomoa akaondoka. Tangu toleo la 2025.1 imejengewa pia uwezo wa kuunganisha kompyuta mbili kupitia intaneti, kiasi kwamba mkufunzi aliye Nairobi anaweza kuiendesha mashine ya mwanafunzi aliye Kisumu na wote wawili wakasikia sauti ileile. Kabla ya hapo kazi hiyo ilifanywa na programu ya nyongeza iliyotengenezwa kwa michango ya watumiaji.

Cha tatu ni Narrator ya Microsoft yenyewe. Ilipoanza na Windows 2000 ilikuwa dhaifu mno, na dirisha lake lenyewe lilimweleza mtumiaji kwamba wengi watahitaji programu yenye uwezo zaidi kwa kazi za kila siku. Kazi kubwa imefanyika tangu Windows 10. Leo Narrator inatosha kwa barua pepe, kivinjari na nyaraka nyepesi, ila faida yake kuu ni kuwa ipo tayari kwenye kila mashine. Control, kitufe cha Windows na Enter vikibonyezwa pamoja, inaanza kusema, hata kompyuta mpya inapotolewa kwenye boksi na kuuliza lugha na nchi. Wengi huitumia kama daraja la kuwafikisha kwenye NVDA, na hayo ni matumizi ya busara.

Uchunguzi wa taasisi ya WebAIM uliofanywa mwishoni mwa 2023 na mwanzoni mwa 2024, wenye washiriki 1,539, ulionyesha kuwa asilimia 40.5 walitegemea JAWS zaidi ya vingine na asilimia 37.7 NVDA. VoiceOver ya Apple haikufika asilimia 10. Wengi wa waliojibu walikuwa Amerika Kaskazini na Ulaya, mahali ambapo mwajiri au serikali mara nyingi hulipia leseni, kwa hiyo takwimu hizo zisichukuliwe kuwa picha ya Tabora au Kakamega. Penye mfuko mwembamba, programu ya bure huwa na nafasi kubwa zaidi.

Kuwepo kwa visoma-skrini vingi kuna faida nyingine isiyoonekana mpaka kimoja kife. Kulikuwa na Window-Eyes, mshindani wa JAWS kwa zaidi ya miaka 20, ambacho mwaka 2014 kilianza kutolewa bure kwa wenye Microsoft Office. Kampuni yake ikanunuliwa na kuunganishwa na ya JAWS, na mwaka 2017 kikafungwa. Waliokizoea walipata mahali pa kuhamia bila kubadilisha mfumo mzima. Mtumiaji wa Mac hana bahati hiyo, kwa sababu huko kisoma-skrini ni kimoja tu.

Kimoja hicho, VoiceOver, kilikuja na Mac OS X 10.4 mwezi Aprili 2005, na kilibadilisha fikra za watu. Kwa mara ya kwanza asiyeona aliweza kuingia duka lolote la Apple, akabonyeza vitufe viwili kwenye mashine yoyote iliyopangwa mezani, ikamsemesha, bila ada ya ziada. Kwa kipimo cha kujisimamia, Mac ndiyo bora kuliko zote. VoiceOver hufanya kazi katika hali ya uokoaji, yaani pale mfumo ulipoharibika na inabidi usimikwe upya. Katika hatua hiyo watumiaji wengi wa Windows humtafuta mwenye macho.

Lakini Apple inapochelewa kurekebisha kasoro hakuna wa kumkimbilia. Kwa miaka mingi watumiaji wamelalamikia VoiceOver kutangaza kwamba Safari haijibu, huku mtu akiwa katikati ya kusoma, na malalamiko hayo yamerudi toleo baada ya toleo. Kwa kazi nzito za lahajedwali pia, wengi waliojaribu mifumo yote miwili hurudi Windows. Ukiongeza bei, na ugumu wa kupata fundi na vipuri nje ya miji mikubwa, Mac inabaki kuwa chaguo zuri kwa mwenye uwezo, hasa mwanamuziki au mhariri wa sauti aliyekwisha kuzoea iPhone. Kulipangia darasa zima la shule ya umma Mac ni jambo gumu kulitetea.

Linux inahitaji maelezo marefu zaidi, kwa kuwa ndiyo inayosifiwa sana na wasioitumia, na kubezwa na wasioijua.

Kuna mambo ambayo Linux iliyafanya vizuri kuliko mfumo wowote. Anayesimika Debian, mojawapo ya matoleo ya Linux, husikiliza mlio wa menyu ya kuanzia, hubonyeza herufi s kisha Enter, na kuanzia hapo usimikaji wote husomwa kwa sauti: kugawa diski, kuchagua lugha, kuweka nywila. Kazi ikiisha, mfumo mpya huanza ukiwa tayari unasema. Kwa wanaotumia nukta nundu, programu ya BRLTTY imekuwa ikiviendesha vifaa vyao tangu miaka ya 1990, na msomaji anaweza kufuatilia hata maandishi ya mwanzo kabisa ya mfumo yanayopita kabla ya dirisha lolote kufunguka. Speakup, kisoma-skrini cha mazingira ya maandishi matupu, kimo ndani ya kiini cha Linux chenyewe. Nchini Ujerumani Klaus Knopper, mtengenezaji wa toleo la Linux liitwalo Knoppix, alitengeneza mazingira ya menyu zinazosema yanayoitwa ADRIANE, jina la mke wake, ambaye haoni. Mtu huyatumia kwa vitufe vichache tu, bila kujifunza madirisha hata kidogo. Na T. V. Raman, mhandisi aliyepoteza uwezo wa kuona akiwa kijana nchini India, aliandika Emacspeak katikati ya miaka ya 1990. Programu hiyo haisomi skrini, bali hujua maana ya kilichomo, na hutofautisha kwa sauti tarehe na namba, au msimbo na maelezo yake. Waandishi wa programu wasioona wanaitumia mpaka sasa.

Penye madirisha hali ni nyingine. Kisoma-skrini cha huko ni Orca, kilichoanzishwa ndani ya kampuni ya Sun Microsystems na Marc Mulcahy, mhandisi asiyeona. Sun ilikuwa na timu ya wataalamu waliolipwa kuhakikisha wasioona wanaingia katika mazingira ya madirisha ya GNOME. Mwaka 2010 Oracle ikainunua Sun, timu hiyo ikapunguzwa, na mzigo mkubwa wa Orca ukamwangukia Joanmarie Diggs, ambaye ameubeba kwa miaka mingi akisaidiwa na wachache. Kazi yake inastahili heshima kubwa. Ila mpango unaotegemea mabega ya watu wachache ni wa kutia wasiwasi kwa mtu anayetaka kuweka ajira yake yote juu yake.

Wasiwasi huo umeongezeka kutokana na badiliko la ndani ambalo mtumiaji wa kawaida halioni. Kwa miongo kadhaa Linux ilichora madirisha kwa mfumo wa X11, ulioruhusu programu moja kujua mengi kuhusu nyingine. Kwa usalama hilo ni udhaifu, lakini Orca iliutegemea ili kudaka vitufe vinavyobonyezwa. Wayland, mfumo mpya, umefunga milango hiyo, na kwa miaka kadhaa hakukuwa na mlango mwingine uliofunguliwa rasmi kwa ajili ya kisoma-skrini. Mwaka 2023 mfuko wa serikali ya Ujerumani uitwao Sovereign Tech Fund uliipa GNOME euro milioni 1, na sehemu ya kazi iliyofuata ilikuwa Newton, jaribio la Matt Campbell la kujenga upya njia ya kusomea skrini inayoendana na Wayland. Campbell aliwahi kufanya kazi katika kitengo cha ufikivu cha Windows huko Microsoft, kwa hiyo alijua alichokuwa anakijenga. Wakati kazi hizo zinaendelea, matoleo makubwa yameanza kuiacha X11. Ubuntu 25.10 haina tena kikao cha GNOME cha X11. Asiyeona anayetaka Linux leo hufanya vyema kuchagua mazingira ya MATE juu ya Debian, mazingira tulivu yasiyobadilika kila msimu, ambayo Orca inayafahamu vizuri.

Kuna mtu ambaye Linux inamfaa hata hivyo: anayeandika programu, anayesimamia seva, au mwenye mashine kuukuu na kazi za maandishi. Mazingira ya amri ni maandishi tangu mwanzo hadi mwisho, na humo asiyeona hatofautiani sana na mwenzake mwenye macho. Karani anayetumiwa faili za Word zenye majedwali na maoni ya wakubwa watatu atapata shida.

Mjadala wa Windows, Mac na Linux kwa kawaida huisahau kompyuta ambayo wasioona wengi wa ukanda huu wanayo tayari, nayo iko mfukoni. Mwaka 2009 ulikuwa wa ajabu katika historia hii. Simu za kugusa kioo zilikuwa zimeondoa vitufe, na wengi waliamini kwamba mlango umefungwa. Mwezi Juni Apple ikatoa iPhone 3GS yenye VoiceOver: kidole kimoja hugusa na kusikia, kugonga mara mbili hufungua. Miezi michache baadaye Android 1.6 ikaja na TalkBack, ambayo T. V. Raman huyohuyo na mwenzake Charles Chen waliifanyia kazi ndani ya Google. Ilichukua miaka kadhaa TalkBack kuikaribia VoiceOver kwa ubora. Tangu 2020 ina hata kibodi ya nukta nundu juu ya kioo, ambapo vidole sita huandika kama kwenye mashine ya Perkins ambayo wanafunzi wameizoea tangu darasa la kwanza.

Katika nchi tajiri iPhone ndiyo inayopendwa zaidi na wasioona. Kenya na Tanzania simu nyingi ni za Android, nyingine za bei ndogo zenye kumbukumbu ndogo, na TalkBack kwenye simu ya namna hiyo hukokota maneno. Mwenye fedha kidogo za kuongeza afadhali aziweke kwenye kumbukumbu kuliko kwenye kamera. Pamoja na hayo, simu haiondoi haja ya kompyuta. Kuandika tasnifu ya kurasa 80, kupanga marejeo na kukagua mahesabu ya idara ni kazi ya kibodi kamili. Nchini Kenya fomu ya marejesho ya kodi ya Mamlaka ya Mapato (KRA) imekuwa kwa miaka mingi lahajedwali lenye makro, la kupakua, kujaza na kupakia tena. Kazi kama hiyo ndiyo inayomrudisha mtu kwenye Windows, apende asipende.

Linalobaki ni suala ambalo miongozo ya nje hailigusi kabisa, yaani sauti ya Kiswahili.

Kisoma-skrini kina sehemu mbili: kinachokusanya habari, na kinachozitamka. Sehemu ya pili ikiwa ya Kiingereza, maandishi ya Kiswahili huharibika masikioni. Jina la wilaya ya Same hutamkwa kama neno la Kiingereza lenye silabi moja. “Pole”, “wake” na “make” nayo huharibika vivyo hivyo. Mwanafunzi anayesikiliza riwaya au kifungu cha sheria kwa sauti ya namna hiyo hutumia nusu ya akili yake kukisia herufi, na hata tahajia yake mwenyewe hudhoofika, kwa sababu hasikii maneno jinsi yanavyoandikwa. Kiswahili kinatamkwa kama kinavyoandikwa, hivyo mashine haipati taabu kubwa kujifunza kukitamka. Kilichokosekana ni nia ya wenye mashine.

NVDA huja na eSpeak NG, programu huria ndogo inayozungumza lugha nyingi, Kiswahili kikiwemo. Sauti yake ni ya kimashine, kavu, na wageni huikimbia. Waliozoea huipenda kwa sababu hiyohiyo: inajibu papo hapo na hueleweka hata ikiharakishwa mno, haihitaji intaneti, na haichoshi mashine ndogo. Kwenye Linux eSpeak NG ndiyo ya kawaida pia. Kwenye Android, huduma ya sauti ya Google ina Kiswahili chenye sauti laini zaidi, na hapo simu imeitangulia kompyuta ya mezani. Windows 10 iliweza kuonyesha menyu zake kwa Kiswahili, lakini Narrator haina sauti ya Kiswahili. Microsoft imekwisha kutengeneza sauti nne nzuri za Kiswahili, Rafiki na Zuri za Kenya, Daudi na Rehema za Tanzania, ila hutolewa kama huduma ya mtandaoni. Hazimo ndani ya kompyuta ya mwanafunzi. Apple nayo kwa miaka mingi haikuweka Kiswahili miongoni mwa sauti zake. Tangu iOS 16 ya mwaka 2022 imeruhusu watengenezaji wengine kuongeza sauti, na eSpeak ikapata njia ya kuingia. Kwa msomaji wa Kiswahili, basi, Windows inafaa ikiwa na NVDA, kwa sababu isiyohusiana na Microsoft hata kidogo.

Nukta nundu ingerudisha tahajia, lakini vifaa vyake vimekuwa ghali kuliko kompyuta. Orbit Reader 20, yenye seli 20, ilipoanza iliuzwa kwa dola 500 hivi, wakati vifaa vingine viliuzwa kwa maelfu, na Kilimanjaro Blind Trust Africa imezifikisha katika shule za Kenya. Inafanya kazi na mifumo yote iliyotajwa. Penye kifaa hicho, tofauti kati ya mifumo hupungua kwa upande wa kusoma, na mtoto huyaona maneno kwa vidole vyake.

Ununuzi wenyewe umeingia katika kipindi kigumu. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft iliacha kuitunza Windows 10, na Windows 11 inadai mashine yenye chipu ya usalama ya TPM 2.0 na kichakataji kisicho cha zamani sana. Kompyuta nyingi zilizotumika zinazouzwa Kariakoo au katikati ya Nairobi, na nyingi za misaada zilizopelekwa mashuleni, hazifikii masharti hayo. Anayenunua leo kwa ajili ya asiyeona ahakikishe mashine inapokea Windows 11 rasmi, kwa sababu njia za mkato za kuisimika huharibika wakati wa masasisho, na anayebaki na skrini iliyonyamaza ni yeye. Mashine zilizokwisha kuachwa zinaweza kupewa Debian yenye MATE na Orca, kwa masharti kwamba shule ina mtu anayeijua. Bila mtu huyo zitarudi stoo.

Kenya ina kiwango cha taifa cha ufikivu wa TEHAMA, KS 2952 cha mwaka 2022, kilichotokana na juhudi za inABLE, shirika lililoanza kwa maabara ya kompyuta katika shule ya wasioona ya Thika. Tanzania ina Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010. Nyaraka hizo huwapa maofisa manunuzi nguvu ileile iliyotumiwa na Massachusetts mwaka 1995, nguvu ya kukataa kulipa. Zabuni inaweza kudai kwamba kabla ya malipo mashine moja iletwe mbele ya mtumiaji asiyeona, skrini yake ikiwa imezimwa. Aiwashe mwenyewe, aingie kwa nywila, aunganishe mtandao, afungue waraka wa Kiswahili na kuusikiliza kwa sauti ya Kiswahili, ajaze fomu ya mfumo wa ofisi, ahifadhi kazi kwenye flashi na kuichapisha. Kisha kisoma-skrini kizimwe kwa makusudi, ionekane kama anaweza kukirudisha bila msaada. Kila mahali atakapolazimika kumwita mtu paandikwe kwenye ripoti, kwa jina la programu iliyomkwamisha, na muuzaji apewe tarehe ya kupashughulikia.